Hotuba ya Kuzindua Makumbusho ya Jiwe la Kale, Bonde la Swat

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, wazee wa jirga, baraza letu la kijiji, maulana wetu, mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, wadau wote wa mawe, na wewe Bibi Zarmina, ambaye kwa uzalendo uliotukuka ulituruhusu tuling'oe jiwe hili la kale, lililochongwa sura za watu, kwenye ukuta wa zizi lako, kwa ahadi kwamba litarudi kijijini, ndani ya makumbusho, kabla ya theluji: asalaam aleikum. (Waaleikum salaam. Bibi Zarmina: “Theluji ile pale mlimani, sahib. Ng'ombe wangu anachungulia nje kwenye tundu lenu.”)

Hoja imepokelewa, na imeingizwa kwenye mchakato.

Ndugu wananchi, mimi, Mkurugenzi Msaidizi wa Muda, Shahbaros Khan, nimelitunza jiwe hili, mnaloliona hapa pichani, siku mia sita sebuleni kwangu, kwa usalama wake, na upembuzi yakinifu umebaini kwamba linamwonyesha afisa mwandamizi aliyejinyoosha kitandani baada ya kuwatumikia wananchi, nao wananchi, asilimia tisini na saba, wameinua mikono kumshangilia. (Minong'ono. Bakht Zada, mwosha maiti: “Sahib, nimeosha wengi wa namna hiyo. Huyo amekufa. Hao wanajipiga vichwa.”) Asilimia tatu hutofautiana nasi, ndugu yangu, hata jiweni yupo mmoja aliyekaa kimya akatupa mgongo, bila shaka ni wa upinzani. (“Na huyu aliyeanguka chini?”) Amezidiwa na furaha. (Kicheko kirefu. Maulana anajifuta macho kwa ncha ya kilemba.)

Makumbusho yetu, yenye kumbi nne, taa hamsini za jua na mgahawa wa kebabu, yamekamilika kwa asilimia mia moja na nne. (“Yako wapi, mwanangu?”) Nafika hapo, Bibi.

Jiwe juu! (Juu.) Maendeleo juu zaidi! (Watu wanatazama theluji mlimani.)

Nawashukuru kwa subira, na shukrani za pekee zimwendee Bibi Zarmina, ambaye namwomba amtoe ng'ombe Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu, kwa kuwa katika faili zizi lake ndilo makumbusho, tulilizindua mwaka juzi, na wakaguzi wangependa kuingia. Jiwe nitakuja nalo mwenyewe, na nitaondoka nalo mwenyewe.

(Bibi Zarmina: “Wewe lilete tu, sahib. Udongo wa kulijengea tena ukutani nimeshaukanda.”)