Avit Aonja Rangi ya Shaba

Avit wa Buganguzi aliliona kopo hilo kwenye duka la vifaa, Bukoba mjini: rangi ya kupaka chini ya boti, yenye shaba. Muuza duka, mtu mwema, akamwonya.

"Hii ni ya boti za mbao. Ukiipaka kwenye alumini, shaba inaila. Inatobokatoboka mpaka inakwisha."

Avit akamshukuru kwa mikono miwili, akachukua makopo kadhaa.

Msimfikirie vibaya, hakuwa muuaji. Alitaka tu boti ya mshindani wake, Georgina, izame taratibu, tena ikiwa imefungwa, bila abiria ndani. Kila mtu ana utakatifu wa saizi yake.

Kwenye mwalo wa boti kwao Muleba kulikuwa na boti mbili tu za alumini za kuvusha watu visiwani: ya Georgina, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, na ya Avit. Watu walimpenda Georgina kwa sababu aliposema anaondoka, aliondoka. Avit, ili kununua boti yake, alikuwa ameuza kibanja cha marehemu baba yake, migomba, kahawa na makaburi humo humo. Ndugu zake hawakumsalimia tena. Boti ile ikimshinda, hana pa kurudi.

Basi akasimama mbele ya abiria, akasafisha koo.

"Mama Georgina, hayo majani ya kijani yanayoota chini ya boti yako ndiyo yanayokumalizia petroli. Dawa ni hii hapa. Shaba! Konokono akiigusa anahama ziwa. Nimekuletea kwa heshima tu."

Georgina alifungua kopo, akanusa. "Umeipaka kwako?"

"Bado, mama. Nimetanguliza wakubwa."

"Hapana, mwanangu. Mimi rubisi, pombe yetu ya ndizi, sinywi, lakini nimekulia Izigo, desturi naijua. Anayemkaribisha mtu huonja kwanza, mgeni aone hamna sumu. Onja."

Abiria wakacheka, wakasogea waone. Avit akalitazama kopo, akaitazama boti yake kama anayeiaga. Akikataa, amekiri. Akaivuta boti yake nchi kavu, akashika brashi, akaanza kupaka huku moyo unamuuma.

Alijipa moyo kwamba kesho ataikwangua. Lakini Georgina akatangaza kwa sauti ya kwaya, "Tutaiangalia miezi yote hii hadi senene waanguke. Ikiwa salama, na mimi napaka."

Kuanzia hapo mwalo mzima ukawa unakuja kuikagua na kuisifu. Avit, fundi! Avit, msomi! Na sisi Wahaya, tusidanganyane, tukisifiwa mbele ya watu breki hatuzioni. Avit alipaka tena mara ya pili. Akawaeleza abiria saiensi yake kwa Kiingereza, na siku nyingine aliamini mwenyewe.

Kahawa ilipovunwa, maji yakaanza kuchungulia sakafuni. Alisema ni umande. Kahawa ilipouzwa, abiria walikuwa wanavua viatu kabla ya kupanda. Senene walipoanguka, boti ilikuwa imezama, imekaa chini kabisa gatini, na Avit amekaa pembeni yake na kopo la kuchotea maji ambalo halikuwa na kazi tena.

Georgina akaja na bakuli la senene wa kukaanga, akakaa naye.

"Mama, ulijua kwamba shaba inakula alumini?"

"Ningejulia wapi? Mambo ya rangi siyajui. Nilikuona tu unaitazama boti yako kama unaiaga ulipoambiwa uonje."

Avit akacheka sana, akajicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko, kwa ajili ya kibanja. Georgina alimsogezea bakuli, akamwacha amalize.

"Boti yangu bado ina majani," alisema baadaye. "Nahitaji mtu wa kuipaka, na kuniendeshea pia. Sasa niambie, ninunue rangi gani?"

Avit akajifuta uso. Watu walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Isiyo na shaba, mama," alisema, na ndugu yake mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya abiria akamsalimia.