Cheti cha Urika

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha na kwa nakala tatu, kwamba Kamati Maalumu ya Vijana kwa Vijana, ambayo mimi ni Katibu wake, imekamilisha kazi yake. Yaliyotokea kwenye chumba cha ushonaji nayaeleza kwa sababu Mwenyekiti aliniagiza nisiyaeleze, na agizo lake halikuwa na muhuri.

Mambo yalianza pale wataalamu walipotuletea taarifa kwamba wapo vijana wanaojinyima kula, au wanaokula kisha wakajichukia, kwa sababu wameichoka miili yao. Walishauri vijana wakae kwa vikundi wakiongozwa na wenzao wa rika moja, maana kijana humsikiliza kijana mwenzake kuliko mtu mzima. Ushauri huo tuliupokea kwa mikono miwili. Tatizo likawa moja tu: kati ya wajumbe tisa wa Kamati, mdogo kuliko wote alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Hatukubabaika. Tulikaa vikao vinne tukapitisha Waraka unaosema kijana ni mtu yeyote ambaye hajastaafu. Siku hiyohiyo wajumbe wote tulipewa Cheti cha Urika, chenye picha na muhuri wa mviringo. Mtunza kumbukumbu wetu, mama aliyebakiza miezi miwili astaafu, alifuta machozi.

"Sikutegemea ujana utanirudia nikiwa kazini," alisema.

Mwenyekiti wetu ni mtu wa upendo, na upendo wake huuonyesha kwa kukagua. Hamsalimu mtu bila kumpima kwa macho. "Bwana wewe umejazia, mambo yamekunyookea." "We mama, mbona umebaki shingo tupu?" Watu hucheka, maana wanasubiri kupandishwa vyeo. Mimi niliona tabia hiyo inachangamsha ofisi, nikaichukua, nikaanza kuitumia na nyumbani.

Nyumbani nina binti wa miaka kumi na sita. Mwaka jana, tukiwa mezani na shemeji zangu, nilimwambia kwamba akiendelea kuumuka hivyo itabidi nimwite fundi apanue mlango. Tulicheka mpaka shemeji mmoja akapaliwa. Tangu siku hiyo binti akawa anakichezea chakula kwa kijiko, anakisogeza huku na huku, kisha anasema ameshiba. Mama yake aliniambia mara tatu.

"Baba, mtoto hali."

"Anakula shuleni."

"Hata shuleni hali. Sketi imempwaya, anaibana kwa pini. Naogopa, mwenzio."

Nilimtoa wasiwasi. Nilimweleza kuwa suala hilo liko mikononi mwetu, tena ni ajenda namba mbili.

Muhula huu ndipo ilipokuja barua ya malalamiko. Katika shule ile anayosoma binti yangu, wasichana kumi na wawili walikuwa wakikutana kila Jumatano mchana kwenye chumba cha ushonaji, kuzungumza juu ya chakula na miili yao. Hawakusajiliwa. Hawakuwa na mlezi wala muhtasari wa kikao. Aliyewaongoza ni msichana wa kidato cha mwisho wanayemwita Dada Mkasi, na hakuwa na Cheti cha Urika.

"Wanaongea tu?" Mwenyekiti aliuliza. "Bila ajenda?"

Aliagiza ukaguzi, kisha kikundi kifungwe. Nikaandaa fomu ya ukaguzi yenye vipengele saba, pamoja na amri: *Chanzo cha tatizo kilichotajwa katika kipengele cha saba kifungwe mara moja.* Mwenyekiti akaisaini palepale. Yeye husaini kwanza, kusoma huachia warithi wake.

Nilipomwambia mama watoto, aliweka mwiko chini.

"Jumatano ndiyo siku pekee mwanangu anarudi akiuliza kuna nini jikoni. Mkikifunga hicho kikundi mtanimalizia mtoto. Unanisikia?"

Nilimsikia. Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Tulifika shuleni watu watatu: Mwenyekiti, mimi na mama mtunza kumbukumbu na muhuri wake mkobani. Cherehani zilikuwa zimesukumwa ukutani, na kioo kirefu cha kujaribia nguo kimegeuzwa kutazama ukuta. Wasichana walikuwa wamekaa duara juu ya madawati ya kukatia vitambaa. Binti yangu aliponiona alishika pini ya sketi yake.

"Shikamooni," walisema.

"Marahaba. Kiongozi ni nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi," alijibu Dada Mkasi.

"Cheti chako cha Urika kiko wapi?"

"Nina miaka kumi na minane, mzee. Hawa ni wenzangu."

"Sikukuuliza miaka. Nimekuuliza cheti."

Hakuwa nacho, nikaandika. Nikamuuliza wanafanya nini hasa.

"Kila mtu analeta neno aliloambiwa kuhusu mwili wake," alisema. "Mmoja wetu anajifanya yule aliyelisema. Mwenye neno anajizoeza kumjibu. Mwanzoni tunalia. Baadaye tunajibu."

Niliandika: mbinu haijaidhinishwa.

Mwenyekiti hakuwa akisikiliza. Macho yake yalikuwa yamezunguka duara zima yakatua kwa binti yangu, bila yeye Mwenyekiti kujua kuwa ni wangu.

"Sasa huu ndio mwili," alisema kwa upendo. "Wengine igeni. Wewe binti, usiongeze hata kidogo."

Hakuna aliyecheka. Binti yangu alisimama.

"Mzee, sikukuuliza," alisema. "Unachokisifia ni ugonjwa. Nilianguka ngazini mara mbili. Naomba usiseme tena juu ya mwili wangu, wala wa hawa."

Katika miaka thelathini ya utumishi Mwenyekiti hakuwahi kujibiwa. Alinigeukia kama mtu anayetafuta faili.

"Nani aliyekutia hizo fikra za kujinyima?" alifoka. "Mtaje. Jina na cheo, Katibu aandike. Kipengele cha saba hicho."

Binti yangu hakumtaja mtu. Alikaa tu, akamtazama msichana mwenye miwani kando yake. Yule msichana akaegemea nyuma, akajikohoza mara mbili, akasema, "Ukiendelea kuumuka hivyo itabidi nimwite fundi apanue mlango." Kisha akacheka kicheko changu. Wenzake kumi walikuwa wakisogeza midomo pamoja naye. Walikuwa wameliigiza neno langu tangu muhula uanze, na walilijua lote, hata kikohozi.

Niliona aibu kubwa. Nilimwona mwanangu alivyokonda, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nakaa naye nyumba moja.

"Jina na cheo," alikumbusha Dada Mkasi.

Fomu niliitunga mwenyewe na haiachwi wazi. Niliandika: Katibu. Nikafikiria kidogo, nikaongeza: na Mwenyekiti wa Kamati. Mama mtunza kumbukumbu aliisoma fomu, akaisoma na amri iliyokwisha kusainiwa, akaona hakuna kasoro. Akagonga muhuri. Kamati ikafungwa saa nane na dakika kumi mchana.

"Haiwezekani," alisema Mwenyekiti. "Basi tujiunge hapa. Vyeti tunavyo."

Dada Mkasi alivipokea vyeti vyetu kwa mikono miwili, akazitazama picha, akaturudishia.

"Ni vizuri, mzee. Lakini ninyi si rika letu. Kaanzeni kikundi na wenzenu."

Tunakutana Alhamisi, kwenye stoo ya ofisi. Mama mtunza kumbukumbu ndiye kiongozi, na ana orodha ndefu ya maneno tuliyomwambia. Mwenyekiti bado yuko kwenye hatua ya kulia.

Jana mezani binti yangu alijipakulia, akala, kisha akaongeza kijiko kimoja. Nilikuwa na neno la kumpongeza, zuri kabisa, lenye utani kidogo. Nikajikohoza. Akainua macho akanitazama, kijiko kikiwa hewani, akisubiri.

Nikamwomba anisogezee chumvi.