Mikeka Niliyoitoa kwa Moyo Mkunjufu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nyota ya jaha imeniangukia! Bi Nyaguthii, wa shirika moja la Nairobi, anakuja Jumatano kukiona kikundi changu cha kina mama wasuka mikeka, hapa Wiyoni. Akipendezwa, shirika lake litaagiza mikeka mwaka mzima. Tatizo ni dogo: sina kina mama. Mikeka pia sina. Nina muhuri, bango, na mwenyekiti, ambaye ni mimi. Katibu ni mke wangu Radhiya. Hajaambiwa.

Nimewaza kumwendea Bi Mwanamkisi wa Kipungani. Wanawake wake wanasuka kweli, na mnunuzi hawajamwona tangu masika. Lakini bibi yule ana maswali! Mwaka jana aliniuliza mbele za watu kikundi changu kimemsaidia nani. Kiongozi haulizwi hivyo. Kipungani na wangoje.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata! Ghala la msikiti limejaa mikeka ya wakfu, mizuri ajabu, inayotandikwa nje siku za kuwasomea marehemu hitma na siku za Idi tu. Siku nyingine imelala bure. Wakfu ni wa kheri, na kazi yangu mimi ni kheri. Sioni tofauti. Nikamwomba imamu wetu, Ustadh Alwi, ufunguo, nikamwambia nataka kuianika isishike ukungu. Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amin kwa sauti.

Radhiya akanikuta naipanga barazani, akasema nguo ya kuazima haisitiri. Nikamwambia hii si nguo. Akaniambia, "Wenyewe wana mato, Bwana Abubakr, na wanaona." Mwanamke hana maono.

Jumatano, 8 Oktoba

Ushindi! Bi Nyaguthii kaishika mikeka, kaipapasa, kauliza wako wapi waliosuka. Nikamwambia wote wamekwenda mazikoni. Akanipa pole. Nikaipokea.

Kisha akaomba kuazima mmoja, akautundike ofisini wakubwa wake wauone kabla ya kuagiza. Hapo nikajisahau. Ukarimu ulinipanda kichwani. Nikasema mmoja wa nini? Chukua yote, ni zawadi! Akatokwa na machozi. Sijapata kujiona mtu mwema kiasi kile. Boti ya kumpeleka Manda, kwenye ndege, ilipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka mikeka ni ya nani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Leo kulikuwa na hitma kweli, baada ya alasiri. Ustadh Alwi kafungua ghala, kakuta ufagio. Watu wamekaa mchangani na kanzu zao nyeupe. Nilisoma Yasini kwa sauti kuliko wote ili nisiulizwe. Nikaulizwa. Nikasema mikeka bado imeanikwa. Hapo hapo mvua ikaanza kudondoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi Mwanamkisi kaja kwa boti kutoka Kipungani, simu mkononi. Bi Nyaguthii ameitangaza picha: mikeka imetundikwa ukutani Nairobi, na chini yake jina langu, kubwa.

Nilitegemea makelele. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akaniambia ule wa ukingo mweusi ameusuka yeye, tangu kupasua majani ya ukindu hadi kushona, akauweka wakfu kwa ajili ya marehemu mamake. Kila mtu anayeweka paji lake pale, yeye hutumai mamake anapata thawabu. Kisha akaniuliza, "Ukutani husali nani?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikamkumbuka mamangu mwenyewe, ambaye sijamwekea wakfu hata kata ya maji. Hali hiyo ilidumu mpaka Radhiya alipoleta kahawa.

Bi Mwanamkisi akampigia simu Bi Nyaguthii papo hapo, mbele yangu. Nikajua nimekwisha. Lakini hakunichongea. Alisema tu kwamba ile ni mikeka ya msikiti na yarudi, na waliosuka wako Kipungani, aje awaone. Mimi akanipa sharti: mikeka ikifika niibebe mwenyewe, mchana, kutoka gatini hadi msikitini, kisha nimweleze Ustadh ukweli.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeibeba. Jua halikunihurumia, na punda mmoja alisimama kunitazama. Watu wakauliza nafanya nini. Nikasema najitolea. Wakaniombea Mungu anilipe, na safari ya mwisho niliipitisha kwa makusudi njia ndefu, ya sokoni.

Ustadh nimemweleza ukweli. Nimemwambia mikeka ilikwenda Nairobi na imerudi salama. Kama kuna uongo hapo, uonyeshwe! Akanitazama sana, akenda kununua kufuli jipya.

Bi Nyaguthii amefika Kipungani moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Kazi yote ya mwaka mzima wamepewa wanawake wa Bi Mwanamkisi. Nimewafurahia. Nimejitahidi kuwafurahia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimetafakari sana. Mji huu umepungukiwa na uadilifu katika uongozi, na lazima mtu achukue hatua. Nimeunda Baraza la Maadili. Mwenyekiti ni mimi, kwa kuwa mambo haya nimeyapitia.

Leo tulikuwa tutoe Kikombe cha Mtu Mwaminifu. Nilimwalika Bi Mwanamkisi aje akipokee, nimkabidhi mbele ya kamera, tushikane kidogo kwenye kile kikombe ili picha itoke vizuri. Akaleta jibu kwamba ana ukindu wa kusuka, na watu wanamngoja.

Wageni wamekaa. Sambusa zimeshakaangwa. Haiwezekani uaminifu ukose wa kuupokea! Basi nimeupokea mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, na hotuba ndefu kidogo. Kikombe kimechorwa jina lake, lakini fundi amenihakikishia linafutika.