Mke wa Ercilio Bagnasco

Nélido Scarpatti aliingia uwanjani kukwepa mvua. Mpira wenyewe ulimchosha. Aliona ni watu ishirini na wawili wanatoka jasho bila mmoja wao kumgusa mwenzake mfukoni. Lakini siku za Jumatano wastaafu huingia bure, na Nélido, ambaye hakuwahi kuwa na kazi ya kustaafu, alikuwa na kitambulisho kinachosema alistaafu posta. Msichana wa dirishani alimpa kidude cha kusikilizia na cha kuvaa masikioni, akamwonyesha mishale ya njano sakafuni, akamwambia hakuna kiongozi: atembee peke yake kwa raha zake, na kila penye namba abonyeze namba hiyo, ataelezwa.

Uwanja wenyewe ni ule wa kusini mwa Buenos Aires, karibu na mto unaonuka, ambao sisi wenyewe tunauita Tanuri. Wageni huvuka bahari kuja kuugusa ukuta wake. Nélido alipita vyumba vya kubadilishia nguo akisikiliza nusunusu, akakaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba akakausha soksi, kisha akafika namba tisa, kwenye njia ya kutokea uwanjani. Hapo ukutani kuna picha kubwa kama mlango wa gereji: kikosi cha mwaka sabini na moja, asubuhi ya fainali. Sauti ya masikioni, nzito, ya mtu aliyelipwa ili asikike kama anakaribia kulia, ilisema kwamba yule winga aliyepiga goti upande wa kushoto, Ercilio Bagnasco, ndiye aliyefunga goli pekee la siku ile, kwamba baada ya msimu huo aliachana na mpira, na kwamba mpaka leo klabu haijui aliko.

Nélido akabonyeza namba tisa tena. Akaitazama picha. Winga alikuwa na masikio makubwa na pua iliyopinda kidogo kulia. Nélido alikuwa na masikio makubwa, na pua yake ilipindishwa na mteja mmoja huko Rosario. Umri ulilingana. Nyusi zingeweza kupakwa rangi.

Ni haki msomaji ajue huyu alikuwa mtu wa aina gani. Aliwahi kuuza makaburi yenye mandhari nzuri, dawa ya upara ya kunywa, na, kwa mjane wa kanali, farasi wa mbio ambaye tayari alikuwa ameshageuzwa soseji. Lakini hakuwahi kukutana na mahali palipoandaliwa kwa ajili yake namna hii. Kila anayeingia yuko peke yake na masikio yake yameshazibwa. Ameshaambiwa na klabu yenyewe, kwa sauti ya majonzi, kwamba mtu fulani amepotea. Kilichobaki ni mtu huyo kupatikana.

Basi wiki iliyofuata akaanza kazi. Alivaa koti safi, akasimama kando ya picha, kidevu akakielekeza upande uleule wa kidevu cha ukutani, akanyamaza. Hiyo ndiyo sanaa yote. Watu walitazama picha, wakamtazama yeye, wakarudi kwenye picha, wakavua vidude masikioni. Wakimuuliza kama si yeye, aliinamisha macho na kusema, "Nilikuwa." Ni neno ambalo hakuna hakimu anayeweza kulifungulia kesi. Walimlilia begani, wakapiga naye picha, wakampeleka kula nyama, wakamtia noti mfukoni kwa aibu kama wanaotoa sadaka. Yeye aliwasimulia goli. Mwanzoni alilifunga akiwa ndani ya boksi; kufikia Novemba alikuwa akilifunga kutoka katikati ya uwanja, na mvua inanyesha. Hata mlinzi wa mlango ule akaanza kumwita kwa heshima Don Ercilio na kumletea mate, ile chai yetu ya majani, ya moto kwenye kibuyu chake.

Ndipo akaja Don Hilario Pedernera.

Don Hilario ana mabucha kule Lanús na shingo ya kuyafaa. Nyumbani kwake kuna chumba kizima cha vitu vya Tanuri: viatu, glavu, kipande cha goli la zamani, jino linalosemekana ni la beki. Alisikiliza habari za fainali machozi yakimtiririka, kisha akauliza, kwa sauti ya paka anayepita karibu na samaki bila kumtazama, kama ile jezi bado ipo. Nélido akaigeukia picha. Akasema ipo. Akasema tangu mkewe afariki huitandika kwenye kiti cha marehemu wakati wa chakula cha jioni, ili nyumba isionekane tupu. Don Hilario akamkumbatia, akalia naye, na katikati ya kilio akataja bei ya ndama mmoja asiyenona, akijua fika kwamba mjini kati jezi ile ingenunua nyumba ndogo. Mtu wa kukuonea huruma na kukuibia kwa pumzi moja ndiye mteja ambaye Nélido alikuwa akimwomba Mungu miaka yote. Alijifanya kusita, akaongezewa, akasita tena, akaongezewa tena.

Jezi ilishonwa na fundi wa mtaa wa Once. Nélido akaichemsha kwenye majani ya mate, akaifukia kwenye chungu cha maua, akaifukua, na kumalizia akamwachia mbwa wa mwenye nyumba ailalie. Ilitoka na heshima kubwa. Wakati huo Nélido alishachagua chumba kule Mar del Plata, chenye dirisha la kutazama bahari, maana majira ya baridi yalikuwa yameanza kumuuma magotini na alichoka kusimama.

Don Hilario alitaka makabidhiano yafanyike palepale chini ya picha. Alikuja na bahasha nene na tai iliyomkaba. Nélido alifungua karatasi taratibu, kama anayefunua mtoto mchanga. Karibu nao alikuwapo mama mmoja mfupi, nywele za mvi amezifunga kisogoni, mfuko wa dukani mkononi, akisikiliza namba tisa. Bahasha ilipotoka mfukoni, mama akavua kidude masikioni.

"Ercilio," akamwambia Nélido, "umekula?"

Nélido katika maisha yake alishaulizwa maswali na mapolisi wa mikoa mitano, lakini hili hakuwa amejiandaa nalo. Akasema amekula.

"Hujala. Na koti umelivaa bila sweta." Akamgeukia Don Hilario, akampa mkono. "Azucena, mke wake. Nisamehe, bwana, huyu mzee wangu akitoka nyumbani mimi sina amani."

Don Hilario akamtazama kama anayetazama mzuka. Akasema kwa shida kwamba aliambiwa Doña, mke wa Don Ercilio, amefariki.

"Ananiua kila mwaka," alisema Doña Azucena bila hasira. "Daktari anasema tusimbishie."

Kisha akaichukua ile jezi kwa vidole viwili, akainusa, akauliza mbwa wa nani. Akaeleza kwa upole, huku akimfunga Nélido kifungo cha koti, kwamba kichwa cha mume wake siku hizi kinakwenda na kurudi. Amechukua fulana ya mazoezi ya mtoto wa jirani na kuja kuuza badala ya jezi, na ni bahati yeye ameliona kabati liko wazi. Hapo akaingiza mkono kwenye mfuko wa dukani, akatoa jezi nyingine, iliyopauka, iliyokunjwa vizuri, yenye harufu ya sabuni.

Don Hilario aliitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, uso ukambadilika rangi. Mama akamwonyesha mkono wa kushoto wa jezi, karibu na kiwiko, palipochanika pakashonwa kwa uzi mweusi kwa sababu wa bluu ulimwishia. Akanyoosha kidole ukutani. Pale kwenye picha, kwenye mkono wa winga aliyepiga goti, mshono mweusi ulikuwapo, mrefu kama kiwavi. Nélido alikuwa amesimama kando ya mkono ule karibu mwaka mzima asiuone mshono huo.

"Don Ercilio," alisema Don Hilario. "Niambie wewe mwenyewe. Ndiyo hii?"

Mlinzi alikuwa amesogea na kibuyu chake cha mate, anatabasamu. Watalii kadhaa walikuwa wamevua vidude masikioni, maana hapa palikuwa na utamu kuliko kule masikioni. Nélido alimtazama mama, naye mama alimtazama kwa macho makavu, ya subira, yanayosema kwamba yeye hana haraka na anajua jina la winga, jina la mama yake winga na mahali lilipo kaburi la winga mwenyewe. Nélido akaelewa kwamba njia ni moja. Akiikana jezi, anamkana mke. Akimkana mke, anabaki kuwa nani?

"Ndiyo hii," akasema, na akalia. Yalikuwa machozi ya kwanza katika kazi yake yasiyo na bei.

Bei ya ndama, kwa kweli, haikutajwa tena. Doña Azucena alisema amekwisha kupita kwenye maduka ya mjini kati, akataja alichosikia huko. Don Hilario alijikuna shingo, akatoa bahasha, akaenda benki ya ng'ambo ya barabara, akarudi na bahasha ya pili. Zote mbili ziliingia kwenye mfuko wa dukani, juu ya kitunguu.

Nélido alimkuta mama nje kwenye toroli la mchoma soseji. Alitaka kuwa mkali, akashindwa kuanza. Mama akamnunulia mkate wenye soseji, akamwambia ale kwanza.

Ndipo akamweleza. Ercilio Bagnasco aliachana na mpira kwa sababu goti lilikataa, akahamia Chivilcoy na kufungua kibanda cha kutengeneza majokofu. Hakuwa amejificha, ni kwamba hakuna aliyemtafuta. Alifariki majira ya baridi yaliyopita. Paa la nyumba likaanza kuvuja, naye mjane akaileta jezi mjini. Kila duka lilimcheka: jezi za kina Bagnasco huletwa kila wiki, alete uthibitisho kutoka kwa mwenyewe. Asubuhi ile ile, akitoka kwenye duka la mwisho na jezi bado mkononi, alinunua tikiti, akapita uwanjani ili angalau amwone mumewe ukutani, akavaa vidude, akabonyeza namba tisa, na pembeni yake akamsikia mzee mmoja akiwaambia mtu na mkewe kutoka Chile jinsi alivyofunga kutoka katikati ya uwanja.

"Nilitaka kukuzaba kofi," alisema. "Halafu nikaona unaaminika."

Nélido akauliza kama hilo goli kweli lilifungwa kwa mguu wa kushoto. Mama akasema mpira ulimgonga makalioni. Alikuwa amegeuka kumkimbia kipa. Nélido akamaliza soseji. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akaomba nusu yake. Bila yeye pasingekuwa na bei, akasema, na hilo lilikuwa kweli.

"Umenitangaza mfu mbele ya watu," alijibu Doña Azucena. "Shukuru nimekununulia soseji."

Kitu cha kwanza na cha pekee halali alichowahi kukiuza maishani, na hakupata senti. Alikuwa bado anajipangusa mafuta ya soseji wakati gari la Don Hilario liliposimama mbele yao. Don Hilario alishuka ameinua mikono, uso umeng'aa. Alikuwa amempigia mkewe simu. Mkewe alikuwa amelia. Jumapili wanachoma mbavu, ukoo wote utakuwapo, jezi itatundikwa ukutani, na hakuna namna Don Ercilio na Doña wake watakosa kukaa mahali pa heshima mezani. Angewafuata mwenyewe nyumbani. Wanaishi wapi?

Wajanja wawili wakatazamana. Doña Azucena akasema wasihangaike, wao watakuja wenyewe kwa treni, pamoja.

Na Jumapili walikwenda. Nélido alikula mbavu kama mtu aliyetoka jela, akasimulia fainali, na kila alipoongeza chumvi mkewe alimkatiza kwa utaratibu akamrudisha ndani ya boksi. Mama aliwaambia wakwe wa Don Hilario kwamba mume wake anakoroma, kwamba asipewe divai ya pili, na kwamba nyumbani huyo huyo mume ndiye anayeosha vyombo. Wanawake wote wa ukoo wakageuka kuwatazama waume zao. Nélido Scarpatti, aliyewakimbia mabibi harusi watatu wa kweli katika miji mitatu, aliinuka akaosha vyombo vya watu thelathini huku Don Hilario akimpiga picha.

Waliagwa kwa mabusu na kifurushi cha nyama, wakaalikwa Jumapili ijayo, na inayofuata. Kwenye behewa Doña Azucena alikipakata kifurushi, akafumba macho. Treni ilipofika karibu na kituo akaufumbua mdomo bila kufumbua macho.

"Jumapili upige viatu rangi. Umeniaibisha mbele ya mke wa Don Hilario."

Nélido alivitazama viatu vyake. Aliwaza mlango wa behewa, aliwaza Mar del Plata, aliwaza mbavu.

"Sawa, mke wangu," akasema, na akaomba yeye ndiye abebe ile nyama.