Mjusi wa Serikali Apiga Hodi

"Wananchi wote wa Kisiwa cha Pemba mnatangaziwa kwamba kuanzia leo hakuna ukuta utakaoachwa peke yake."

Ndivyo lilivyoanza tangazo la Wizara ya Kuta na Miinuko, lililozungushwa na gari la vipaza sauti kutoka Chake Chake mpaka Wete na kurudi. Serikali, kwa kushirikiana na wahisani, ilikuwa imepokea mitambo ya kisasa yenye uwezo wa kutambaa ukutani, kutazama, kugonga, kusikiliza na kutoa taarifa kwa sauti. Nyufa, kutu na unyevu vitabainishwa bila ya binadamu kupanda ngazi. Wananchi waliombwa watulie.

Wananchi walikuwa wametulia siku nyingi. Walichokuwa hawakijui ni kuta zenyewe ziko wapi, maana mitambo ile ilitengenezwa kwa ajili ya matumbo ya meli kubwa, mabwawa ya umeme na matangi ya mafuta, na Pemba ina mikarafuu. Wizara haikuona hilo kuwa kikwazo. Mtambo ukishakuwapo, soko litajitokeza, lisipojitokeza litatafutwa, na likitafutwa lazima awepo wa kulitafuta, naye hawezi kulitafuta kwa miguu wala kukalia kigoda. Kwa hiyo ikaundwa Kamisheni ya Kutafuta Soko la Mitambo Tambaazi, ikapewa jumba la ghorofa pale Madungu, na Mkurugenzi wake, Bwana Muhannad, akapewa gari na kiti.

Hapa tuseme ukweli kuhusu kiti. Kilikuwa cha ngozi nyeusi, kina magurudumu na kinazunguka. Kabla yake Bwana Muhannad alikuwa karani wa kituo cha karafuu, kazi yake kutumbukiza mkono ndani ya gunia na kusema kama zimekauka. Alinukia karafuu mpaka siku ya harusi yake. Sasa alinukia ngozi mpya, na akitaka kuona dirishani hakugeuza shingo, aligeuza kiti. Alikipenda kiti kile, wala hatumlaumu, na Wizara ilikuwa imemwambia wazi: Mheshimiwa Waziri atakuja ziara, na asipokuta hata mteja mmoja, Kamisheni itavunjwa na Mkurugenzi atarudi guniani.

Mteja akaanza kutafutwa. Kamati ya msikiti mmoja ilisikiliza maelezo yote juu ya ukaguzi wa mnara, ikashukuru, ikasema mnara wao haujalalamika. Chama kimoja cha siasa kilitoa tamko kwamba mitambo imeletwa kuhesabu wapiga kura wao wakiwa wamelala. Chama cha pili kikatoa tamko la kupinga tamko, kikasema hakuna ubaya wowote katika mitambo hiyo, halafu viongozi wake wakafunga madirisha. Watu wa mtaani hawakuhangaika na matamko. Waliona kitu kina miguu, kimebandana na ukuta, kinatikisa kichwa, wakakiita mjusi wa Serikali.

Jaribio la kwanza la kibiashara lilifanyika Wete, kwenye nyumba kongwe ya ghorofa ya Bi Taraben, muuza vitambaa. Bi Taraben alikubali kwa kuwa aliambiwa ni bure. Mjusi akapanda vizuri, akapita usawa wa dari ya duka, akafika dirisha la juu, na pale akasimama kutazama kama alivyofundishwa. Ndani, mkwewe Bi Taraben alikuwa anachana nywele.

Ukelele ulisikika mpaka bandarini. Bi Taraben alipanda ngazi na fagio la chelewa, akamtandika mjusi mpaka akaachia ukuta, kisha akashuka barazani akihema.

"Bwana Muhannad," alisema, "mimi nimezaliwa mji huu, na mume wangu kafia mji huu. Hajapata mtu kuchungulia dirisha langu. Hata mwizi wa hapa anapitia mlangoni. Huyu mdudu wako hana mama wa kumfundisha kupiga hodi?"

Mtu mwingine angeomba radhi akaondoka. Bwana Muhannad aliona mwanya wa kisera. Alirudi Madungu, akazungusha kiti mara kadhaa, akatoka na Kanuni za Hodi kwa Mitambo Tambaazi. Kifungu cha kwanza kilisema mtambo utapiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa utarudi kwa njia ile ile uliyojia, wala usiulize sababu. Kifungu cha pili kilisema mwenye kuitikiwa "karibu" hatazuiwa na yeyote, mkubwa wala mdogo, mpaka amalize kazi iliyomleta. Kifungu hiki cha pili alikipenda zaidi, kwa sababu ya fagio. Na ili kanuni zisidharauliwe, ziliandikwa kuwa zinamhusu "mtambo, afisa na kila mwenye haja". Silima, fundi wa Kamisheni, akatia ndani ya mijusi wote sauti ya Mkurugenzi mwenyewe, maana ndiyo sauti iliyokuwa na hadhi inayofaa.

Baada ya hapo mijusi walizunguka Pemba wakipiga hodi kwenye kuta. Watu wakisikia sauti ya Mkurugenzi inatoka usawa wa uvungu, walinyamaza mpaka ya tatu ipite. Mijusi wakarudi. Taarifa ya robo mwaka ikaandika kwamba kuta za Pemba kwa ujumla hazipo nyumbani.

Ni katika hali hiyo alipofika ofisini Bi Mwanakhamis, mwalimu mkuu wa skuli ndogo kule Kisiwa Panza. Alikuja kwa mashua na gari la abiria, amevaa buibui lake la safari, mkononi ana mkoba wa ukindu. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za watu wazima wa pande zote mbili.

"Bwana Mkurugenzi," alisema Bi Mwanakhamis, "nnasikia mnatafuta mwenye ukuta. Mie nnao."

Bwana Muhannad aliacha kuzunguka. "Ukuta gani, Bi Mwanakhamis?"

"Wa darasa. Umepasuka juu mpaka chini. Watoto wa darasa la nne wanawapasia kalamu wa darasa la tano mle ufani. Nshaandika sana, hajaja mtu. Mleteni yuno mjusi wenu autizame, akisema mbovu labda mtamuamini yeye."

Mkurugenzi alisogeza kiti mezani. Mteja. Akachukua kalamu. "Skuli ina ghorofa ngapi?"

"Ghorofa? Bwana wee, ni banda la chini tu. Nkinyoosha mkono nnagusa paa."

Kalamu ikarudi mezani. Bwana Muhannad alieleza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba, kwamba mitambo ni ya kuta ndefu. Ukuta mfupi haumo katika mamlaka yake. Isitoshe, alisema, Kamisheni inatafuta soko, na soko ni mtu anayenunua. Mtu mwenye shida hawi soko, huwa mhitaji, na wahitaji wana idara yao.

"Sasa ukuta uno ukianguka," aliuliza Bi Mwanakhamis, "utawaangukia watoto kwa ufupi?"

"Kitaalamu, ndiyo."

Bi Mwanakhamis akaomba apewe walau karatasi, asirudi mikono mitupu. Bwana Muhannad si mtu mbaya. Aliona haya kumwacha mwalimu mtu mzima arudi hivi hivi. Akamwandikia Cheti cha Usalama kwa Sababu ya Ufupi, akakigonga muhuri, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kilikuwa cheti cha kwanza kutolewa na Kamisheni, na Mkurugenzi alijisikia vizuri mchana kutwa.

Bi Mwanakhamis alifika kwake, akakisoma cheti tena, kisha akawatoa watoto wote darasani. Kuanzia siku ile wakawa wanasomea kwenye baraza la nyumba yake, wamebanana na magunia ya mwani. Darasa likabaki tupu, na cheti akakitundika mlangoni.

Siku ya Mheshimiwa Waziri ikafika. Jumba la Kamisheni lilipigwa chokaa jana yake, kama inavyopigwa popote anapopita Mheshimiwa, hata wengi huamini kwamba Waheshimiwa wote hudhani Pemba inanuka chokaa kwa asili yake. Mteja hakuwa amepatikana. Bwana Muhannad aliamua kwamba Kamisheni yenyewe ndiyo iwe mteja: mjusi atakagua jumba la Kamisheni mbele ya wageni, jumba litaonekana zima, na mtambo utaonekana mkweli.

Mheshimiwa alihutubia kwanza. Alisema binadamu hupendelea na hula rushwa, lakini mtambo hauna shangazi. Neno la mtambo, alisema, Serikali yake italipokea kama lilivyo. Makofi yakapigwa. Silima akamweka mjusi chini ya ukuta.

"Hodi," alisema mjusi kwa sauti ya Mkurugenzi.

Mheshimiwa alilelewa vizuri na bibi yake. "Karibu," aliitika, kabla afisa wa itifaki hajatafuta nani wa kuitika.

Mjusi akapanda. Kila alipobandika mguu, chokaa mbichi ilitoka nao, na nyuma yake ikawa inabaki njia ya matofali. Chini ya dirisha la Mkurugenzi alisimama, akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Bwana Muhannad alisogea kwa Silima.

"Mzime," alinong'ona.

"Kaitikiwa karibu, Bwana," Silima alijibu, naye kwa kunong'ona. "Kifungu cha pili. Hazuiliki mpaka amalize."

"Kifungu nimekiandika mimi."

"Ndiyo maana nnakiheshimu."

Mjusi alizunguka kuta zote, hakuruka hata kona, kisha akateremka na kusema kwa sauti nzito ya Mkurugenzi, mbele ya vipaza sauti: "Ukuta huu ni mbovu. Waliomo watoke. Asirudi mtu."

Hapakuwa na pa kugeukia. Mheshimiwa alikuwa ameahidi mbele ya watu, na watu walikuwa wanamtazama kwa hamu kubwa. Akaamuru jumba lifungwe saa ile ile na Kamisheni ihamie jengo jingine la Serikali lenye cheti cha usalama. Akauliza yako mangapi.

"Liko moja, Mheshimiwa," alisema Silima.

Ndivyo Kamisheni ya Kutafuta Soko ilivyovuka maji kwenda Kisiwa Panza, makabati kwenye boti moja na kiti kwenye boti ya pili, kimefungwa kamba. Meza ya Mkurugenzi iliwekwa chini ya ufa, maana ndipo palipokuwa na upepo. Siku ya kwanza kuku alimchungulia kutoka darasa la tano. Siku ya pili Bwana Muhannad aliegemea kiti, akasikia ukuta unalia. Alitoka nje na kalamu mkononi, akasimama juani mpaka adhuhuri.

Alikuwa na hofu ya kweli, na hofu ya mkubwa ina baraka zake. Fungu la dharura, ambalo kwa miaka halikuwapo, likapatikana. Saruji ikaja, nondo zikaja, mafundi wakaja na chakula chao. Ukuta ukabomolewa nusu, ukafungwa upya, ukapigwa lipu, na juu ya dirisha kukawekwa zege ambalo skuli nyingine za visiwani zinalisikia tu. Mkurugenzi alirudi kwenye kiti chake, akazunguka kwa uangalifu, kisha kwa furaha.

Chokaa ilipokauka, mtu alisimama mlangoni.

"Hodi," alisema Bi Mwanakhamis.

"Karibu, Bi Mwanakhamis, karibu sana," alisema Bwana Muhannad, na alisema kwa moyo, maana siku ile alikuwa anawapenda watu wote.

Bi Mwanakhamis akaingia. Nyuma yake likaingia darasa la nne, na nyuma ya darasa la nne likaingia la tano, na mikeka yao, na ubao wao, na mtungi wa maji. Wakakaa chini bila kelele. Wawili wakakaa juu ya kabati la taarifa.

"Hawa wamefuata nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Wamekuja kusoma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wamalize." Bi Mwanakhamis alimwekea kiganja kichwani mtoto aliyekuwa mbele, akamvua kikofia. "Na wakimaliza wano, wana wadogo zao."

Bwana Muhannad alifungua mdomo. Silima, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akakohoa.

"Kifungu cha pili, Bwana. Mwenye kuitikiwa karibu."

Maafisa wakatoka mmoja mmoja, wakipita katikati ya watoto na kuomba radhi. Kiti hakikuweza kupita kwa jinsi mikeka ilivyotandazwa. Bi Mwanakhamis, ambaye alikuwa amesimama tangu aajiriwe, alikikalia, akakijaribu kama kinazunguka, akafungua kitabu. Mjusi mmoja naye alibaki. Silima alimfunga dasta tumboni awe anafuta ubao. Wizara iliandika kwamba soko limepatikana, na ikavunja Kamisheni kwa kuwa imetimiza lengo.

Asubuhi moja baada ya hapo Bwana Muhannad alirudi kuchukua kiti. Alikuwa na barua ya kuripoti kituo cha karafuu, na alitaka angalau aende na kiti. Alisimama mlangoni, akarekebisha kofia.

"Hodi," alisema.

Watoto walitazama ukutani. Mjusi alikuwa ametulia, hajasema kitu. Wakatazama mlangoni, kisha wakamtazama mwalimu wao. Bi Mwanakhamis alikuwa amezungusha kiti, amewapa mgongo, anaandika hesabu ubaoni bila ya kunyanyuka.

"Hodi," alisema tena Bwana Muhannad, chini kidogo.

Mtoto mmoja alifungua mdomo aitike, mwenziwe akamfinya.

Akapiga hodi ya tatu, akasubiri kwa adabu. Kisha aligeuka akarudi kwa njia ile ile aliyojia, wala hakuuliza sababu.