Matairi Yenye Mlima wa Kwetu

Leo nimejiaibisha. Sisemi nimeaibishwa, maana hakuna aliyenisaidia. Kazi yote nimeifanya mwenyewe, kwa bidii, mchana kweupe, mbele ya madam.

Kwa wageni wa kikundi hiki: mimi ni Muriuki, mlinzi wa geti kwenye hoteli moja hapa Al Garhoud, Dubai, mwaka wa pili sasa. Kazi yangu ni kuinua kizuizi, kushusha kizuizi, na kuiva. Mwezi huu wa Juni, ikifika saa sita, hata vifungo vya shati vinachoma. Magari yanapita mbele yangu vioo vimefungwa, na ndani naona madereva wamevaa masweta. (Masweta. Mimi huku nachemka.)

Sasa dereva wa madam, yaani meneja wetu mkuu, amemaliza mkataba na kurudi kwao. Kiti chake kiko wazi. Kiti chenye kiyoyozi. Leseni ya huku ninayo. Nilifeli mtihani mara tano, na mara ya sita nadhani mtahini alinipitisha kwa kuchoka kuniona. Tulioomba nafasi ni wawili, mimi na mwenzangu wa geti, Wasswa, Mganda mpole anayeongea kama mara tatu kwa siku. Niliapa kwamba kiti kile ni changu. Nilishamwambia hadi mama nyumbani.

Mwenye kuamua ni Mzee Seif, mkuu wa magari. Ukoo wake ulitoka Unguja zamani, yeye amezeekea hapa hapa, na Kiswahili chake kinakufanya uone haya kufungua mdomo. Leo asubuhi alitukuta kibandani.

"Gari ya madam matairi yamekwisha," akasema. "Kesho asubuhi anakwenda Abu Dhabi. Nataka manne mapya ya kiangazi. Ya bei ya chini, lakini yasiwe takataka. Nani kati yenu anajua kuchagua tairi?"

Wasswa alifungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshajibu.

"Mzee, mambo ya tairi niachie mimi."

(Elimu yangu yote ya matairi ni hii: mjomba wangu alikuwa na pikapu pale Karatina.)

"Na utajuaje kama tairi ni zuri?" akauliza.

"Kwanza nabonyeza na kidole gumba. Tairi poa ni laini. Halafu nanusa. Halafu naangalia zile nywele ndogo za mpira. Ikiwa na nywele mob, nyingi nyingi, hiyo ni mpya kabisa."

Mzee Seif alinitazama kidogo. Kisha akanipa ufunguo wa gari na pesa za ofisi kwenye bahasha. Nilipotoka getini, Wasswa ndiye aliyeniinulia kizuizi. Nilimpungia mkono kama balozi.

Al Quoz, mtaa wa magereji, nilifika saa tatu. Duka lenyewe ni karakana ndefu, matairi yamepangwa hadi darini. Muuzaji ni bwana mmoja wa Kerala, kule India, mstaarabu, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Nikamweleza ninachotaka. Hakusita. Akatoa manne na kuyagongesha sakafuni.

"Haya yatakufaa, sir. Bei ndogo, yametengenezwa mwaka huu, na kwa kuvumilia joto yamepata A. Soma hapa ubavuni."

Sikusoma. Nilibonyeza. Kidole gumba kiligonga kikarudi. Nikanusa, sikupata kitu. Nywele zenyewe zilikuwa chache kama ndevu za mwanafunzi wa darasa la saba.

"Haya ni mawe," nikamwambia. "Nionyeshe matairi."

Akaleta mengine. Mawe. Akaleta ya tatu. Mawe. Kidole kilishaanza kuuma, lakini moyo ulikuwa mgumu kuliko yale matairi. Mtu aliyefeli mara tano hashindwi na duka. Nikaanza kuzunguka mwenyewe, nikabonyeza kila kitu kilichokuwa cha duara.

Ndipo nikayaona. Kona ya mwisho, chini ya karatasi ya nailoni, matairi manne yametulia peke yake. Meno yake yalikuwa marefu, na kila jino limechanjwa mistari myembamba myembamba. Nywele tele. Nikabonyeza, kidole kikazama. Nikainama nikanusa, na nusura niombe kiti nikae.

"Na haya?"

Muuzaji alikuja mbio. "Hapana, hapana, my friend. Hayo si ya Dubai. Hayo ni ya kupeleka nje. Ni mabaki ya kontena."

Sasa hapa naomba mnielewe. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, Nyeri. Tangu nazaliwa, tunachuma kahawa, tunachambua, na ile nzuri, ile ya daraja la kwanza, inakwenda wapi? Nje. Sisi wenye shamba tunabaki na makapi na chai. Nimekua nikijua hivyo: kizuri kinapelekwa nje, na mwenyeji anaambiwa si chake. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu si cha hapa, ni cha kupeleka nje, mimi nasikia jambo moja tu. Ananificha kizuri.

"Nayataka haya haya," nikasema.

"Sir, nisikilize. Hapa kuna joto."

"Najua kuna joto. Mimi ndiye ninayesimama ndani yake."

"Haya ni ya baridi."

"Safi kabisa. Kwenye joto hili nani hataki kitu cha baridi?"

Alivua miwani akaifuta. Mimi nikageuza tairi moja ili nione ubavu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Ubavuni palichorwa mlima. Si mlima hivi hivi. Mlima wa vilele vitatu. Na ndani ya mlima, nyota moja nzuri, imetulia.

Ndugu zangu, mimi ule mlima nimeamka nikiutazama miaka ishirini. Vilele vitatu vya Mlima Kenya, vile vile. Sijauona tangu nipande ndege. Nikajikuta nimepiga goti ndani ya karakana ya Al Quoz, mkono juu ya tairi. Walioyatengeneza, nikajiambia, walitafuta kitu imara duniani cha kuweka kwenye mali yao, wakachagua mlima wa kwetu. Na nyota lazima ni ya ubora, kama nyota za hoteli.

"Funga haya," nikamwambia muuzaji.

Hakubisha tena. Aliandika risiti, akaongeza mstari mrefu chini yake, akanitaka nitie sahihi. Nilitia sahihi ya mbwembwe bila kusoma. (Sahihi yangu ina mikia miwili. Leo ilikuwa na mitatu.)

Kurudi Al Garhoud, matairi yaliimba njia nzima. Mlio mnene, kama kwaya ya akina baba. Nikasema huo ni mpira unashika lami. Kwenye kona gari lilikuwa linayumba kidogo, kama mtu anayetembea juu ya godoro. Nikasema hiyo ni starehe, madam atalala mpaka Abu Dhabi. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Na bado sikuridhika. Mlima ulikuwa mweusi juu ya mpira mweusi, na nilitaka uonekane. Nikasimama kivulini karibu na hoteli, nikatoa chaki nyeupe niliyomwomba fundi wa karakana, nikapiga magoti nikapaka. Vilele vitatu na nyota. Matairi yote manne. Nusu saa, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Nilipomaliza, mlima ungeweza kuusoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Nikaingia hotelini polepole, kioo nimeshusha. Mzee Seif alikuwa kwenye maegesho. Wasswa getini. Wabeba mizigo wawili mlangoni. Na madam mwenyewe alikuwa anatoka na simu sikioni. Nikaona Mungu amenipangia. Madam anatoka nchi moja ya kaskazini huko Ulaya ambako, anasimulia mwenyewe, bahari inaganda watu wanaivuka kwa miguu. Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Halikunisaidia kitu.

Nilishuka nikatoa hotuba. Sikuombwa. Nikaeleza ulaini. Nikaeleza nywele. Nikawaambia kwamba matairi haya walitaka kuyapeleka nje nikawazuia. Kisha nikaweka mguu mmoja mbele, nikanyoosha kidole kwenye mlima, nikasema kwa Kiingereza changu chote kwamba alama hii, madam, wanapewa walio bora peke yao.

Madam alishusha simu. Akainama. Akavua miwani ya jua. Akazunguka gari lote, akatazama milima minne, akarudi alipoanzia.

"Baba yangu anafunga matairi kama haya," akasema taratibu. "Mwezi wa Novemba. Theluji ikifika magotini."

Kisha akacheka. Alianza kidogo, kwa heshima, halafu akashindwa, akashika kioo cha pembeni cha gari asianguke. Tangu nianze kazi hapa sikuwahi kuona meno ya madam. Leo nimeyaona yote.

"Muriuki," akasema Mzee Seif. "Hebu nambie. Hii nyota ni ya nini?"

"Ya ubora, Mzee."

"Si nyota hii, mwanangu. Ni chembe ya theluji. Na mlima huu ni mlima wa theluji. Matairi haya yametengenezwa kwa ajili ya barafu."

"Hata Mlima Kenya uko na theluji, Mzee." (Sijui nilikuwa namtetea nani.)

"Ndiyo. Na Dubai je?"

Mzee Seif akaomba risiti, akaipeleka mbali na macho kama wazee wanavyosoma, na akatafsiri ule mstari wa chini kwa sauti ili kila mtu afaidi: "Mteja ameshauriwa mara tatu asinunue. Amekataa."

Wabeba mizigo walikaa chini kwenye masanduku ya wageni kwa kucheka. Madam alirudi na kamera yake ndogo, akaniomba nisimame kando ya tairi na ninyooshe kidole vile vile nilivyokuwa nimenyoosha, anataka kumtumia baba yake. Nikasimama. Nikanyoosha. Ningefanya nini?

Watu walipoondoka Mzee Seif alibaki. Hakuwa anacheka. Akaniambia mpira ule laini nilioupenda, kwenye lami ya moto unazidi kulainika. Gari likikimbia linayumba, ukikanyaga breki haliwahi kusimama, na tairi linalika kama kifutio. "Na kesho ni njia ya Abu Dhabi," akasema. "Mwendo wa mia na ishirini. Mtoto wa watu ameketi nyuma." Hapo ndipo niliogopa kweli. Aibu ilinitoka. Nilitaka kiti kile kwa nguvu zote, na sikuwa nimefikiria hata mara moja juu ya mtu atakayekaa nyuma yangu.

"Nayarudisha sasa hivi, Mzee," nikasema. Sikusubiri jibu.

Njia nzima nilikwenda polepole, malori yananipigia honi. Nilipofika karakanani, yale matairi manne ya kwanza, yale mawe, yalikuwa mlangoni, yamepangwa vizuri, yamefutwa vumbi.

"Sikuyarudisha juu," akasema yule bwana wa Kerala. "Nilijua utakuja kabla sijala."

Bwana wa watu hakunicheka. Alikubali kubadilisha, akaniita nichuchumae, na safari hii nilisoma. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Herufi ya joto, A ndiyo inayovumilia zaidi. Na ule ugumu niliouita mawe ndio unaolisimamisha tairi kwenye lami ya huku. Nywele, akasema, ni mabaki tu ya mpira wa kiwandani, hazimaanishi chochote. Niliandika yote kwenye kiganja kwa kalamu, mpaka nikaishiwa na kiganja nikahamia mkononi.

Saa nane nilikuwa nimerudi hotelini. Mzee Seif aliinama, akasoma moja moja, akaitikia kwa kichwa. Nikaona nijitose tu, maana mimi ndivyo nilivyo.

"Mzee, na kile kiti?"

"Nimempa Wasswa."

"Lakini Wasswa hajafanya mtihani wowote."

"Amefanya. Ulipokuwa Al Quoz nilimuuliza swali lile lile. Tairi zuri utalijuaje?"

"Akasema nini?"

"Akasema hajui, atamuuliza muuzaji."

Nilikwenda getini kumpongeza. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Ssebo, pole," akasema (ssebo kwao ni bwana), "lakini ile mlima ulichora muzuri sana." Kwake hiyo ni hotuba. Nafasi nyingine ikitokea nitaomba tena, na mkono wangu sitaunawa mpaka niwe nimekariri kila nilichoandika.

Basi naomba msicheke. Wasswa anacheka kwa niaba yenu wote, tena kiyoyozi kimewashwa.