Majibu Sahihi ya Maswali ya Huzuni

Jumatatu, 7 Machi 2016. Buffalo.

Ushindi! Kliniki ya vijana imenichagua niyaweke kwa Kiswahili maswali yao ya kupima huzuni. Mimi, Sylveri, mpakia maboksi ghalani! Ni maswali machache ya watoto wa sekondari. Umekosa usingizi? Hamu ya kula? Unajiona hufai? Kijana anachagua: hata siku moja, siku chache, karibu kila siku. Yakifaulu hapa yanapelekwa Columbus na Louisville, jina langu chini yake. Doa moja tu: wamemchagua pia Nzigire, mama wa Bukavu anayetunza wazee kule Kenmore. Kiswahili chake nusu Kifaransa. Namhurumia.

Nimemtangazia binti yangu Florida. Saa kumi jioni, tayari yuko kitandani. "Fine," akasema, akageukia ukuta. Wivu.

Jumatano, 9 Machi.

Sikulala. Silali vizuri tangu tuhamie Amerika, lakini safari hii ni raha ya ushindi.

Kikao. Niliandika: "Je, nafsi yako imezama katika lindi la simanzi?" Nikasoma kwa kusimama. Nzigire akatikisa kichwa. "Bon, Papa Sylveri, batoto habasemake vile." Akataka tuandike tu: unasikia roho nzito? Daktari wa kliniki akampigia makofi. Makofi! Kisha Nzigire akaniuliza mbona Florida haji tena kwaya. Nikamwambia asibadilishe mada.

Nyumbani mke wangu Agata naye ananung'unika, ati mtoto harambi hata kijiko. Nikamweleza kwamba chakula cha shule za Amerika kinashibisha.

Ijumaa, 11 Machi.

Hatari! Kesho ni majaribio kwa vijana wa kanisa letu, na Nzigire hajawaandaa. Anataka kila mtoto ajibu lake. Huyu mama hakupita mahojiano ya wakimbizi? Sisi kambini Tanzania tulifundishana majibu miezi mizima. Baba akisema tulikimbia na mbuzi, mama aseme mbuzi, mtoto mbuzi. Anayesema kondoo anabaki kambini. Ndiyo maana kwenye makaratasi familia yangu yote imezaliwa Januari mosi. Na Amerika tumefika!

Basi nimewaita vijana kwangu, nikawapa soda, nikawafundisha jibu moja tu: hata siku moja. Wamekariri vizuri mno. Florida alikariri bila sauti.

Jumamosi, 12 Machi.

Ushindi mkubwa! Vijana wote, maswali yote: hata siku moja. Nimeimaliza huzuni Buffalo! Daktari aliangalia makaratasi, kisha akaniangalia mimi, kisha makaratasi. Furaha ilimzidi.

Nzigire akaharibu. Ameomba warudie Jumanne, mmoja mmoja, wazazi nje. Akawaambia hakuna jibu la kufeli na hakuna atakayerudishwa kambini. Hila tupu.

Jumanne, 15 Machi.

Nilikaa kwenye korido na koti langu. Florida aliingia kwa Nzigire, hakutoka. Nikamsikia analia. Niliogopa sana, naandika kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Nilitaka kuvunja mlango, Agata akanishika mkono.

Daktari alisema Florida amejibu "karibu kila siku" karibu kote, ni heri limejulikana mapema, kesho anaanza kuonana na mshauri. Agata akamkumbatia Nzigire, wote wawili machozi.

Tulipofika nyumbani nikaelewa. Mtoto amelia kwa sababu tafsiri yangu inagusa! Daktari mwenyewe kasema maswali yanafanya kazi.

Jumapili, 27 Machi. Pasaka.

Florida ameimba kwaya. Sauti bado ndogo, lakini nimeisikia. Ameongeza wali mwenyewe. Nilifurahi hadi nikamsalimia Nzigire kwa mikono miwili.

Maswali yamekubaliwa! Jina la Nzigire liko juu, langu chini, mahali ambapo msomaji anapumzikia. Tayari nimewapigia Jovini wa Columbus na Salvatori wa Louisville wakusanye vijana wao. Jibu nimeshawapa.

Baada ya chakula Florida akakaa kando yangu na ile karatasi. Kwa Kiswahili, yeye! "Baba, na wewe nikuulize?" Akaniuliza polepole. Unakosa usingizi? Unajiona umeshindwa? Unasikia roho nzito? Alikuwa amenishika mkono, akinitazama machoni.

Nikakaa wima, kama siku ile ya mahojiano. Hata siku moja. Hata siku moja. Hata siku moja.

Sikukosea hata swali moja!